Jina Moja, Baba Tofauti: historia fupi ya programu zinazojificha ndani ya kompyuta



Zamu yangu ya kuandika historia imefika. Wenzangu waliotangulia wameandika juu ya Ziwa Tanganyika, juu ya kabila zao, juu ya barabara tulizopita tukikimbia. Mimi nitaandika historia ya kompyuta, na sababu ni kwamba nina deni.

Mwaka juzi, kwenye chumba chetu cha kompyuta, ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ufadhili wa masomo. Mnakijua kile chumba: mashine chache za kupewa, umeme wa sola, na foleni mlangoni. Dada mmoja alikuwa ameandika barua yake tangu asubuhi, kurasa tatu. Saa nane mchana mashine ikawa nzito, inakwama kila anapobonyeza. Akaniita, maana mimi ndo nilikuwa wa zamu.

Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, kikafunguka kile kidirisha cha Task Manager kinachoonyesha kila kitu kinachofanya kazi ndani ya kompyuta. Nikaona jina svchost.exe limejipanga mara nyingi, hata sikumaliza kuhesabu. Nilishawahi kusikia kwa mtu kwamba virusi hujiita jina hilo. Nikamwambia, "Dada, wezi ndo hawa, ngoja niwafukuze." Nikaanza kuzima moja moja. Kwenye la nne kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Skrini ikageuka bluu, mashine ikazima.

Barua haikuwa imehifadhiwa. Tulipowasha tena hatukupata hata mstari mmoja. Aliiandika upya usiku kwenye simu ya jirani, akatuma ikiwa imebaki dakika chache dirisha lifungwe. Hakuchaguliwa. Hajawahi kunilaumu, na hiyo ndiyo inayoniuma.

Wale niliowazima hawakuwa wezi. Walikuwa wafanyakazi halali wa kompyuta. Mwizi mwenyewe tulimpata wiki iliyofuata, kwenye mashine hiyohiyo, akiwa na jina lilelile svchost.exe, ila amekaa kwenye folda ya mtumiaji ambako mwenye jina hilo hana shughuli. Aliingia kwa flashi. Alikuwa mmoja tu kati ya makumi.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma: watu waliwezaje kumtambua mgeni aliyevaa jina la mwenyeji? Nimekuta ni historia ndefu. Na ina pande mbili, wa kukamatwa na wa kusingiziwa.

*Senti 75*

Tuanze Agosti 1986, Berkeley, California, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley. Clifford Stoll alikuwa mtaalamu wa nyota. Pesa za mradi wake zilikwisha, akahamishiwa kitengo cha kompyuta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo kabisa. Wakati ule kila mtafiti alilipishwa muda aliotumia kompyuta, na hesabu mbili hazikulingana. Tofauti ilikuwa senti 75 za dola.

Wengi wetu tungezitoa mfukoni tukafunga daftari. Stoll alizifuata. Akakuta kuna mtumiaji anaitwa Hunter ambaye hana anwani ya kulipia. Mtu alikuwa ameingia, ametumia sekunde chache, na hakuna aliyemjua.

Aliingiaje hadi akapata nguvu za msimamizi mkuu? Hapa ndo penye somo. Kwenye kompyuta zile za Unix kulikuwa na programu ndogo inaitwa atrun. Kazi yake ilikuwa kuamka kila baada ya dakika tano, kutazama kama kuna kazi imepangwa, kuifanya, kisha kulala. Iliendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, na hakuna aliyeitazama, kama vile nyinyi hamumtazami mlinzi anayepita getini kila siku.

Mgeni yule aligundua kwamba programu nyingine, iliyotumika kuhamisha barua pepe, ilikuwa na kasoro: iliweza kuweka faili mahali popote, hata pasiporuhusiwa. Akaandika atrun ya kwake, ya uongo, akaisukuma mahali pa ile ya kweli. Dakika tano hazikupita, mfumo ukaiamsha kwa imani yote. Ikampa funguo za nyumba nzima. Halafu akairudisha ile ya kweli mahali pake, akafuta nyayo.

Stoll alimfananisha na kekeo, yule ndege anayetaga yai lake kwenye kiota cha ndege mwingine. Mwenye kiota analiatamia, analilisha kinda, kumbe analea mtoto asiye wake. Ndiyo maana kitabu alichokitoa mwaka 1989 alikiita The Cuckoo's Egg, yaani yai la kekeo.

Hakumfukuza mara moja. Alikusanya mashine za kuchapa, akaziunganisha kwenye nyaya za kuingilia, akawa anasoma kila herufi mgeni anayoandika. Akaona jambo dogo sana. Alipotaka orodha ya michakato, mgeni aliandika amri kwa namna ambayo watu wa Berkeley hawakuitumia. Lafudhi yake ikamsema, kama mtu anayesema ametoka Uvira huku matamshi yake ni ya kwingine. Mwisho njia ilimfikisha Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza alichokipata kwa shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB. Mwaka 1990 mahakama ya Ujerumani ilimtia hatiani pamoja na wenzake, wakapewa vifungo vya nje.

Angalieni kilichomfichua. Jina halikumfichua, kwa sababu jina lilikuwa sahihi. Kilichomfichua ni hesabu isiyolingana na tabia isiyo ya mwenyeji. Njia ya mwongo ni fupi.

*Jina lenye watu wengi*

Sasa turudi kwa svchost. Jina hili liliingia na Windows 2000. Watengenezaji walikuwa na huduma nyingi za ndani: ya mtandao, ya saa, ya kuchapa na kadhalika. Kila moja kuwa na programu yake ilikula kumbukumbu nyingi. Wakatengeneza mwenyeji mmoja anayeweza kubeba huduma kadhaa mgongoni, wakamwita svchost, na akawa anawashwa mara nyingi kwa jina hilohilo. Ndiyo maana kwenye orodha unamwona amejirudia. Mwaka 2017, kwenye Windows 10, walianza kuzitenganisha huduma hizo kwenye kompyuta zenye kumbukumbu inayozidi GB 3.5, na idadi ikapanda zaidi. Kuona svchost sitini leo ni kawaida kabisa. Laiti ningelijua hilo siku ile!

Lakini jina lenye watu wengi ni kichaka kizuri cha kujificha. Virusi kadhaa vilijiita scvhost, herufi mbili zimebadilishana nafasi, na jicho lililochoka halioni. Vingine havikuhangaika hata kubadilisha herufi.

Agosti 2003 kulitokea kirusi Blaster, kikafuatiwa siku chache tu na kingine kinaitwa Welchia. Welchia kilijiweka kwenye folda inayoitwa wins, ndani ya folda ya System32, kikiwa na faili mbili: dllhost.exe na svchost.exe. Majina yote mawili ni ya wafanyakazi halali wa Windows. Tofauti ni nyumba tu: wenye majina wanakaa System32 kwenyewe, hawa walikaa chumba cha ndani. Na huduma walizozisajili walizipa majina ya heshima, ya mambo ya mtandao, ili msomaji apite haraka.

Cha kushangaza, Welchia kilijifanya msamaria. Kilikiondoa Blaster, kikajaribu hata kupakua dawa ya Microsoft na kuziba tundu. Lakini kiliingia bila hodi, na katika kutafuta mashine nyingine kilijaza mitandao hadi ikashindwa kupumua. Septemba 2003 kiliufikia mtandao wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, na mfumo wa kukagua majina ya waombaji viza ukasimama kwa saa kadhaa. Sisi tunaosubiri majibu ya safari miaka na miaka tunaelewa maana ya saa kadhaa kwa mtu aliyekuwa dirishani siku hiyo.

Mwaka 2005 ukatokea Brontok, kutoka Indonesia. Huyu alichukua ukoo mzima: alijinakili kwa majina ya winlogon, services, lsass, smss na csrss, yote ni majina ya viungo muhimu vya Windows. Lakini nakala hizo aliziweka kwenye folda ya mtumiaji. Tena aliondoa kwenye menyu sehemu ya kubadilishia mpangilio wa folda, na ukijaribu kufungua vifaa vya kumchunguza, anaiwasha kompyuta upya. Aliyewahi kuiona kompyuta inazima kila anapotaka kutazama ndani anajua uchungu wake.

*Mwizi mwenye suti*

Mtu akidhani uongo huu ni wa wahuni tu, amsikilize Mark Russinovich. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu huyu wa Windows alieleza alichokikuta kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa anajaribu chombo alichokitengeneza cha kutafuta vitu vilivyofichwa. Chombo kikamwonyesha faili ambazo Windows yenyewe haikuzionyesha. Kila kitu kilichoanza na herufi $sys$ kilikuwa hakionekani.

Akafuatilia. Kumbe ilikuwa imetoka kwenye CD ya muziki aliyoinunua kihalali, ya kampuni ya Sony BMG, yenye programu ya kuzuia watu wasinakili nyimbo. Na huduma moja ya programu hiyo ilijisajili kwa jina la Plug and Play Device Manager, ambalo ukilisoma utaapa ni sehemu ya Windows. Haikuwa.

Wiki mbili hazikupita, waandishi wa virusi wakaanza kuzipa faili zao majina yanayoanza na $sys$, ili zifichwe bure chini ya blanketi la kampuni. Mwezi huohuo wa Novemba Sony BMG ilianza kuziondoa CD hizo madukani. Aliyejenga maficho kwa ajili ya mali yake aliwajengea na wezi.

Mbinu ya Russinovich inafaa kukumbukwa. Hakuuliza kompyuta swali moja akaamini jibu. Chombo chake kiliuliza mara mbili kwa njia mbili, kwanza kupitia Windows, kisha kwa kusoma diski yenyewe moja kwa moja, kikalinganisha majibu. Pale majibu yalipotofautiana, ndipo penye kitu kilichofichwa. Ni zile senti 75 za Stoll, zimerudi kwa sura nyingine.

*Siku mlinzi alipomuua mwenye nyumba*

Sasa upande wa pili, ambao ndo kosa langu.

Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee, inayotengeneza antivirusi, ilituma sasisho la kawaida la kila siku. Ndani yake kulikuwa na kosa. Kwenye kompyuta za Windows XP zenye toleo la Service Pack 3, antivirusi ilimtazama svchost.exe wa kweli, aliyekaa nyumbani kwake, akifanya kazi yake, ikamwita kirusi, ikamwondoa.

Kompyuta zikaanza kuzima na kuwaka, kuzima na kuwaka. Mtandao ukakatika. Hospitali fulani za jimbo la Rhode Island, Marekani, ziliahirisha upasuaji usio wa dharura. Polisi wa jimbo la Kentucky walizima kompyuta za kwenye magari yao. Kampuni iliondoa sasisho siku ileile, lakini mashine zilizokwisha kuanguka hazikuweza kupokea dawa kwa mtandao, kwa sababu mtandao wenyewe ndo uliokufa. Mafundi wakatembea mashine kwa mashine, ofisi kwa ofisi.

Niliposoma habari hii nilikaa kimya muda mrefu. Wataalamu waliolipwa, wenye maabara, walifanya nilichofanya mimi: walimhukumu mtu asiye na hatia kwa kudhani ni mwizi. Uoga wa mgeni mbaya ukivuka kiasi, unaanza kuua wenyeji.

Na sisi, vijana wenzangu, tunalijua hili kwa ngozi zetu. Tumeishi mahali ambapo mtu alishukiwa kwa jina lake, kwa lafudhi yake, kwa urefu wa pua yake. Tumevuka mpaka, na huku nako kuna mitaa ambayo kuku akipotea, wa kwanza kutazamwa ni mkimbizi. Basi tusiwe watu wa kuhukumu kwa jina, hata kama mhukumiwa ni programu ya kompyuta. Tabia ya haraka ni ileile.

*Maswali ya dirishani*

Mnakumbuka siku ya uhakiki? Umesimama na karatasi yako. Kambi hii ina watu wangapi wenye jina kama lako? Kwa hiyo afisa hakuishii kwenye jina. Anauliza: baba yako nani? Umetoka kijiji gani? Unaishi na nani? Unafanya nini? Maswali yale yanachosha, lakini kwa kompyuta ndiyo maswali yenyewe.

Kijiji. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya jina, chagua kufungua mahali faili lilipo. svchost wa kweli anakaa C:\Windows\System32, na kwenye mashine za biti 64 yuko ndugu yake SysWOW64. Ukimkuta kwenye folda ya mtumiaji, kwenye Temp au kwenye flashi, huyo ana la kujibu.

Baba. Kila mchakato umezaliwa na mchakato mwingine. svchost kwa kawaida huzaliwa na services.exe. Ipo programu ya bure inaitwa Process Explorer, asili yake ni kazi ya huyohuyo Russinovich, inayokuchorea ukoo wote kama mti. svchost aliyezaliwa na faili la Word au na faili lililotoka kwenye flashi, shtuka.

Muhuri. Programu hiyohiyo inaweza kukagua kama faili lina saini ya Microsoft. Saini nayo inaweza kuibwa. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kilitembea na saini zilizoibwa za makampuni mawili ya kweli. Kwa hiyo muhuri ni shahidi mmoja tu, si hakimu.

Herufi. Isome moja moja: svchost, si scvhost. Na lsass inaanza na herufi el ndogo, si I kubwa.

Kazi. Anakula nini? Mchakato uliotulia kila siku, leo unakula nusu ya nguvu za mashine au unatuma vitu mtandaoni usiku wakati hakuna mtu, fuatilia. Hizo ndizo senti zako 75.

Jibu moja baya halitoshi kumtia hatiani. Yakiwa mawili matatu, hapo sawa. Na kabla ya kugusa chochote, fanya kile ambacho mimi sikufanya: mwambie aliyekaa kwenye kiti ahifadhi kazi yake kwanza, na mngoje amalize.

*Neno kwa wakubwa zetu wa mashirika*

Asanteni kwa mashine mnazotuletea. Tunaomba na kijana mmoja au wawili wafundishwe kuzitunza, maana mashine bila mtunzaji inakuwa nyumba ya virusi ndani ya mwezi. Tunaomba pia fundi akija asifute diski yote kwa haraka ili aondoke na gari la saa tisa. Ndani ya diski ile kuna barua za watu, vyeti vilivyoskaniwa, picha za ndugu ambao hawapo tena. Kwenu ni faili, kwetu saa ingine ndo nakala pekee iliyobaki duniani.

Na yule mtoto aliyeleta flashi yenye virusi, tusimfokee mbele ya wenzake. Hakujua, kama na mimi nilivyokuwa sijui. Tukimwaibisha leo, kesho ataichomeka kwa siri.

Yule dada mwaka huu anaomba tena. Barua yake ipo sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye flashi yake, na kwenye barua pepe yake. Mimi nilimsaidia kuzihifadhi, na safari hii sikugusa kitu kingine.

Jumamosi saa nane chumba kiko wazi. Njooni na flashi zenu, tutazipima pamoja, polepole.